Mwaka wa Bibi Nambua

Nakaniwa alijilaza baada ya uji wa asubuhi akiwa na umri wa miaka thelathini na minane. Jua halijafika utosini, akaamka na miaka sitini na mbili.

Ndivyo mwili ulivyomwambia. Magoti yalimuuma kwa baridi ya zamani. Ulimi ulikwenda kutafuta pengo kwenye ufizi wa juu, ukakuta jino limekaa mahali pake, ukashtuka. Akainua mikono akaitazama. Ilikuwa mikono ya fundi wa nyavu, imejaa makovu ya nyuzi, wala haikuwa na ile mishipa ya kizee aliyokuwa ameizoea muda mfupi tu uliopita.

"Usiinuke bado," sauti ikamwambia. "Nitajie jina lako."

"Nam..." Akajikwaa. "Nakaniwa. Nakaniwa Mshana, wa Ranzi."

"Na mume wako?"

"Abineri. Lakini si jina lililonijia kwanza, Mwalimu."

"Lilikujia lipi?"

"Silisemi. Alikuwa mume mzuri, ila alikoroma."

Mwalimu Salha akacheka, akaanza kumvua ile kofia. Ilikuwa laini kama utando wa buibui, ina vigusio mia tisa vidogo kuliko mbegu za mchicha. Pembeni Yunisi, rafiki yake Nakaniwa, alikuwa ameketi kwenye kigoda akingoja zamu yake, na kungoja kwa Yunisi hakujawahi kuwa kwa kimya.

"Haya, bibi kizee, shikamoo!" akasema Yunisi. "Umemaliza mwaka wote? Na ukame umeuona?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimeuona mpaka mwisho." Nakaniwa akaketi, na furaha ikampanda kifuani kama maji yanayosukuma lango. "Yunisi, najua! Najua kwa nini Bibi Nambua alikuwa anakaa kimya mkutano ukichafuka. Miaka yote nilidhani ni ukali. Kumbe alikuwa anahesabu nani hajasema!"

Hiyo ndiyo kazi ambayo chuo hiki cha wanawake kilijengwa kuifanya. Tangu mvua zilipoacha kushika majira, milima yote ile iliishi kwa ukungu. Nyavu zilitandazwa juu ya kilele, ukungu ukapita, ukaacha matone, matone yakashuka kwa mabomba hadi kwenye ndiva, lile bwawa la mawe na udongo walilojenga mababu. Aliyeshika maji ya ndiva alishika uhai wa vitongoji vitatu. Na walioshika walikuwa wanaume, kwa sababu mtoto wa kiume alikua ameketi miguuni pa baba yake barazani, miaka arobaini akisikiliza kabla hajafungua mdomo. Wakati huohuo dada yake alikuwa ametumwa kuni. Sheria ilipokuja kusema wanawake nao wagombee, walisimama, lakini wengi walisimama bila kujua mikono waiweke wapi.

Basi chuo kikaamua kuwapa ile miaka. Kiongozi mwanamke akikaribia kuondoka duniani, huacha mwaka mmoja wa maisha yake, na mwanafunzi huuvaa kwa vikao tisa.

"Kofia haikumiminii picha," Mwalimu Salha aliwaambia siku ya kwanza. "Kumbukumbu ni kama njia kwenye majani. Mtu akipita mara nyingi, majani yanalala. Kofia inaufanya ubongo wako upite palepale alipopita mwenzio, mpaka majani yako nayo yalale. Ukitoka humo, woga wake umeujua na ushujaa wake pia umeujua. Lakini sikilizeni, wanangu. Katika njia mia, moja huwa ya ndoto yako mwenyewe. Msiapie kila mlichokiona."

Na kila mwanafunzi alikula kiapo, mwenye Biblia kwa Biblia, mwenye Msahafu kwa Msahafu: aliyoyaona ndani hatayatoa nje. Nani angeacha mwaka wake kama ungekwenda kuanikwa?

Nakaniwa alipewa mwaka wa Bibi Nambua, mwanamke wa pekee aliyewahi kuwa Mkuu wa Maji. Wote milimani walimjua Bibi Nambua. Ndiye aliyewavusha mwaka ukungu ulipokataa kushuka. Mabinti walipewa jina lake. Na sasa, zikiwa zimebaki siku nne tu kabla ya mkutano mkuu, Nakaniwa alikuwa anagombea kiti kilekile.

Mwalimu Salha akamtazama usoni kwa makini. "Mbona umetoka na furaha na jasho pamoja?"

"Hapana kitu, Mwalimu," akasema Nakaniwa. Hakuwa mzoefu wa kusema uongo, akauona ulivyomkaa vibaya mdomoni.

*

Walipokuwa wanashuka na Yunisi kufuata mfereji, wakakuta wanaume wawili wameinuliana majembe. Mmoja alikuwa wa Kwakindo, kitongoji kinachofuata chini ya Ranzi, mwingine wa Mkanyeni, kitongoji cha chini kabisa. Jiwe kubwa lilikuwa limeporomoka mferejini, maji yanamwagika ovyo, na kila mmoja alikuwa akimwambia mwenzake kuwa jiwe ni la upande wake.

Zamani Nakaniwa angepita mbali akiomba Mungu kimoyomoyo. Siku hiyo miguu ilikwenda yenyewe. Hakuuliza nani kaanza. Akasimama kati yao, akalitazama jiwe, akatikisa kichwa kama mtu anayehuzunika.

"Hili halinyanyuliki," akasema. "Labda tungoje watu wa Ranzi waje wawasaidie."

"Watu wa Ranzi!" akasema wa Kwakindo. "Kwani wao wana mikono mingapi?"

"Hao hata kunyanyua sufuria wanaita msaada," akasema wa Mkanyeni.

"Mimi sijui," akasema Nakaniwa. "Nasema ninachokiona. Ninyi wawili hamliwezi."

Majembe yakatupwa chini. Wakainama, wakashika huku na huku, wakahesabu pamoja, na jiwe likatoka likibingirika bondeni. Maji yakarudi njiani. Wale watu wakabaki wanahema, wanatazamana, halafu yule wa Mkanyeni akapasuka kicheko.

"Mama, wewe ni wa wapi?"

"Wa Ranzi," akasema Nakaniwa, akaendelea na safari.

Yunisi alimshika mkono wakakimbia kama wasichana mpaka kwenye kona, wakaegemea ukingo wa mfereji wakicheka hadi machozi. "Umewashika kama watoto!" akasema Yunisi. "Jumamosi mkutanoni wakikuona hivi, huyo mpinzani wako Mrutu akatafute kazi ya kuuza vitunguu!"

Kicheko kilikuwa hakijaisha waliposikia watoto wakiimba.

"Kajiru, tema maji! Kajiru, tema maji!"

Mzee Kajiru alikuwa anapanda na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, mwembamba, umri wake umekaribia themanini na tano. Watoto walimfuata nyuma kwa mbali, wakiimba wimbo waliowakuta wakubwa wao wakiuimba. Nakaniwa mwenyewe aliuimba utotoni, tena kwa sauti kubwa kuliko wenzake. Mzee hakugeuka. Watoto hawakujua alichofanya. Walijua tu kwamba ndiye mwizi wa maji.

Nakaniwa akautazama mkono wake wa kulia. Vidole vikajikunja kama vinashika kisu.

"Una nini?" akauliza Yunisi.

Nakaniwa akakaa chini kwenye ukingo. Alikuwa amefunga mdomo tangu chuoni, lakini sasa maneno yalimtoka.

Katikati ya ndiva ulisimama mti wa kipimo, mti mweusi mgumu wenye mikato minne. Maji yakijaa hadi mkato wa juu lango lilifunguliwa, Ranzi wakanywa mpaka mkato wa pili, Kwakindo mpaka wa tatu, Mkanyeni mpaka wa nne, kisha mlinzi akafunga. Mti ule haukuguswa. Mababu ndio waliousimamisha, na mtu angetilia shaka jua kabla hajautilia shaka mti.

"Mwaka wa ukame," akasema Nakaniwa, "kitalu cha mbegu cha vitongoji vyote vitatu kilikuwa kinakufa. Bibi Nambua akaomba baraza maji ya kitalu, kila kitongoji kikakataa kupunguziwa. Basi akashuka peke yake ndani ya ndiva mchana, watu wakiwa ibadani. Akauziba mkato wa nne kwa ulimbo na majivu. Akachonga mwingine, vidole viwili juu yake. Yaliyobaki chini akayapeleka kwenye kitalu. Mbegu zikapona, Yunisi. Sote tumekula zile mbegu."

"Na Mkanyeni?"

"Mkanyeni wakaona maji yamepungua. Hawakuupima mti, nani angeupima? Wakasema mlinzi anafunga lango mapema, anauza. Mlinzi alikuwa Kajiru." Akajifuta uso kwa kanga. "Nilikuwa pale barazani, Yunisi, ndani ya mwili wake. Nilisikia wakimnyang'anya ufunguo. Nilitaka kusema. Ulimi ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Nikajiambia, nitasema mvua zikija. Mvua zikaja, watu wakanibeba mabegani wakiimba."

Yunisi hakuwa na mzaha tena. Akatazama juu, akatazama chini, akahakikisha hakuna mtu.

"Sikiliza, dada. Hilo litabaki hapa. Ukilisema Jumamosi, umemuua Bibi Nambua mara ya pili, na sisi sote pamoja naye. Tuna nani mwingine wa kumtaja? Wakituambia mwanamke hawezi, tunasema Nambua. Ukituondolea Nambua, tutasema nini?"

"Na mzee yule?"

"Mzee yule amezoea."

Yunisi alipolisikia neno lake mwenyewe likitoka, aliinamisha kichwa.

*

Siku ya Ijumaa Nakaniwa alipanda tena chuoni. Alikuwa hajala vizuri siku tatu. Aliomba asubuhi, akaomba mchana, na kila alipoomba alikutana na mambo mawili yaliyokataa kukaa pamoja: mkono wake juu ya Biblia ukiapa, na mgongo wa Mzee Kajiru chini ya majani.

Mwalimu Salha alimsikiliza bila kumkatiza. Hakuuliza ni siri gani, naye Nakaniwa hakumtajia. Alisema tu kwamba ameona jambo, kwamba kuna mtu hai anayeumia kwa jambo hilo, na kwamba hana uhakika kama ni njia ya kweli au ile moja ya ndoto.

"Siwezi kuvaa tena nikapata uhakika?"

"Mwaka hauvaliwi mara mbili na mtu yuleyule. Majani yako yameshalala, ungejiona mwenyewe tu." Mwalimu akamimina chai. "Mwanangu, ukivunja kiapo hutavaa tena mwaka wa mtu. Hilo ni la kwanza. La pili, chuo kitakuwa matatani. Wapo wazee wawili waliokwisha kutuahidi miaka yao. Watakimbia."

"Kwa hiyo ninyamaze."

"Mimi sikusema hivyo. Mimi nakueleza bei ya kitu, kununua ni kwako."

Nakaniwa akazungusha kikombe. "Mwalimu, nani alichagua mwaka huu? Bibi Nambua alishika maji miaka kumi na saba. Ipo miaka ya raha humo. Upo mwaka waliojenga ukuta mpya. Kwa nini chuo kilichukua wa ukame?"

"Chuo hakichagui. Anayeacha ndiye anayechagua." Mwalimu Salha akaweka birika chini taratibu. "Nilikuwapo. Tulimwomba ule wa ukuta, tukaona utafaa kufundishia. Akakataa. Alikuwa amelala hawezi hata kunyanyua kijiko, lakini akakataa kwa nguvu. Akasema, huu au msichukue kitu. Mimi nikadhani anajivunia ule ukame."

Nakaniwa akakiweka kikombe mezani.

"Hakuwa anajivunia," akasema Nakaniwa.

"Basi sijui, na usiniambie," akasema Mwalimu. Lakini mkono wake ulikuwa umeshikilia ukingo wa meza.

Nakaniwa akashuka mbio, kanga inapepea, moyo unampiga kama ngoma ya harusi. Hakusimama mpaka uani kwa Mzee Kajiru. Mzee alikuwa anamkatia ng'ombe majani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Sijapotea. Naomba kesho uje kwenye mkutano wa maji."

Mzee akamcheka kwa meno yake machache. "Binti, mimi nimekatazwa kukanyaga pale tangu hujaota maziwa."

"Simama nje ya kamba ya mkutano. Nitasema jambo linalokuhusu."

"La heri au la shari?"

"La kweli," akasema Nakaniwa, "kama sijaota."

Mzee akarudi kwenye majani yake. "Nina ng'ombe," akasema.

*

Mkutano mkuu hufanyika ukingoni mwa ndiva, siku ya zamu ya Mkanyeni, maji yakiwa yameshuka kupita mkato wa mwisho. Watu walijaa mpaka kwenye matuta. Wanawake wa chuo walikuwa wamevaa sare ya kijani, wanapiga vigelegele kabla hata ya jambo lenyewe. Mzee Kajiru alikuwapo. Alisimama nje ya kamba, mundu mkononi, kama mtu aliyekuwa anapita tu.

Bwana Mrutu alianza. Alikuwa msemaji hodari, amevaa viatu vinavyong'aa.

"Sipingi wanawake," akasema. "Nimezaliwa na mmoja, nimeoa mmoja, na nyumbani naongozwa na huyohuyo!" Watu wakacheka. "Na Bibi Nambua nilimheshimu. Lakini Nambua alikuwa mmoja. Mtatuletea wapi Nambua mwingine?"

"Huyu hapa!" wanawake wakapiga kelele, wakimwonyesha Nakaniwa. "Nambua! Nambua!"

Nakaniwa akasimama. Mwaka mzima wa mwanamke mwingine ulimjaa mwilini, akajua pa kuweka miguu, akajua pa kuweka mikono, akajua angoje mpaka mtu wa mwisho anyamaze. Akangoja. Na aliponyanyua macho, akajua pia kwamba pale alipofika sasa Bibi Nambua hakuwahi kufika, na njia haikuwa imekanyagwa.

"Msiniite Nambua," akasema. "Nimeuvaa mwaka wake, na nimeapa mbele za Mungu nisiseme niliyoyaona. Leo navunja kiapo. Mungu atanihukumu, na chuo kitanihukumu, na ninyi mtanihukumu sasa hivi. Mzee Kajiru hakuiba maji."

Kelele zikazuka. Yeye akaendelea, polepole, akaeleza yote: kitalu, kisu, ulimbo na majivu, vidole viwili, baraza, ukimya. Alipomaliza, wanawake wa kijani walikuwa hawamtazami tena. Mmoja alikuwa anavua kilemba chake.

Bwana Mrutu akaruka. "Mmesikia? Mmesikia wenyewe! Huyo ndiye mwanamke wenu mliyekuwa mkituimbia!"

"Baraza lililomhukumu Mzee Kajiru lilikuwa na wanaume kumi na mmoja, Bwana Mrutu," akasema Nakaniwa, "na mwanamke mmoja aliyejua. Yeye alikosa kusema. Wale kumi na mmoja walikosa kupima. Hakuna aliyetafuta ukweli pale ulipokuwa umesimama."

"Ukweli gani? Kofia inaota ndoto, sote tunajua!"

"Inawezekana," akasema Nakaniwa. "Mwalimu mwenyewe katuambia. Kama nimeota, nimemchafua marehemu na kuvunja kiapo bure, na nitashuka mlima huu nisirudi. Kisu unacho?"

Watu wakamgeukia Mrutu. Hakuwa na pa kujificha. Akatoa kisu, akatazama viatu vyake, akaingia matopeni. Matope yakafika magotini. Akaufikia mti, akasimama.

"Mti hauguswi," akasema.

"Gusa!" mkutano mzima ukapiga kelele. "Gusa, gusa!"

Akapima vidole viwili chini ya mkato wa nne. Akakwangua. Hakuna kitu, mti mweusi mtupu. Akakwangua tena. Nyuma ya Nakaniwa, Yunisi alikuwa anaomba kwa sauti, bila haya. Mrutu akasogeza kisu kidogo pembeni, akachomeka ncha, akasukuma.

Kipande cheusi kikachomoka kizima kikaanguka majini. Mahali pake kulikuwa na mkato, mkavu, msafi, rangi ya mti mbichi.

Mrutu aliutia kidole. Kwa heshima yake, akasogea kando ili wote wauone.

Watu hawakushangilia. Wazee wa Mkanyeni walivua kofia. Mwanamke mmoja mtu mzima alikwenda kuifungua kamba, na Mzee Kajiru akaingia taratibu hadi mbele ya Nakaniwa. Akamtazama kwa muda mrefu.

"Nakuuliza swali moja," akasema. "Na wewe ungefanyaje mwaka ule?"

Nakaniwa alitafuta ndani, kama alivyozoea siku zile tisa, akamkuta Bibi Nambua amekaa kimya. Jibu lilibidi liwe lake.

"Ningekata mkato uleule, mzee. Mbegu zilikuwa zinakufa. Lakini ningesema jioni ileile, wanipige wakitaka."

Mzee akatafakari. "Hilo sawa," akasema. "La kwanza sijalipenda. Lakini sawa."

"Mzee, utasimama upande gani?" mtu akauliza, maana ilikuwa saa ya kura, na kura hupigwa kwa kusimama kushoto au kulia kwa mfereji.

"Mimi sisimami popote. Nimekuja kulisikia jina langu, nimelisikia. Ng'ombe ana njaa." Akageuka akaondoka na mundu wake. Watoto waliokuwa juu ya tuta wakampisha njia, wasijue wafanye nini na midomo yao. Halafu mmoja akasema, "Shikamoo, babu." Naye akaitikia.

Watu wakaanza kuvuka. Baadhi ya wanawake wa kijani walikwenda kwa Mrutu, nyuso zimekunjamana, na Nakaniwa hakuwalaumu. Yunisi alisimama katikati ya daraja, analia, anajifuta, mwishowe akavuka kuja upande wake akisema, "Umeniudhi sana, ujue." Na kisha Mkanyeni walikuja, Mkanyeni ambao hawakuwahi kumpa mtu wa Ranzi kura hata moja, wakaja wote pamoja kama maji yaliyofunguliwa, na yule mtu wa jiwe mbele yao.

Nakaniwa alishinda kwa watu kumi na tisa.

Vigelegele vilipaa, na Nakaniwa alihisi anaweza kuruka kilele kwa mguu mmoja. Mwalimu Salha akamfikia, akamshika mabega yote mawili.

"Hutavaa tena," akasema. "Nitaandika hivyo, sina budi."

"Andika, Mwalimu."

"Na siku yako ikifika, nitakuja mwenyewe kukuomba mwaka huu."

Hapo yule mtu wa Mkanyeni akainua mkono, akangoja mpaka kelele zipungue.

"Mama Mkuu wa Maji," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwita hivyo. "Kitalu kilihamishwa miaka ishirini iliyopita. Vile vidole vyetu viwili vinakwenda wapi siku hizi?"

Watu wa Ranzi wakaanza kutazama viatu. Nakaniwa alilijua jibu, kila mtu wa Ranzi alilijua, ila hawakuwahi kuliita kwa jina lake. Maji yaliyobaki chini yaliitwa masalia, na masalia yalinywesha mashamba saba ya juu.

"Yanakwenda kwenye mashamba saba," akasema.

"Tunayataka yarudi. Leo."

"Leo!" Mkanyeni wote wakaitikia. Upande wa pili sauti za Ranzi zikainuka: mahindi yamechanua, wangoje mavuno, mtu hawezi kunyang'anywa maji kwenye jua hili. Wote walikuwa wanamtazama yeye, wale waliompigia kura na wale waliokataa. Abineri, mumewe, alikuwa amesimama kando ya mfereji, mikono nyuma, anamtazama kama wengine.

Nakaniwa akashuka kwenye ukingo, akachukua jembe la kuzibia mfereji kwa mtu wa kwanza aliyekuwa karibu.

"Shamba la tatu kati ya yale saba ni langu," akasema. "Tunaanza na hilo."